Kaburi Alilochimba Meja

Wasikilizaji wapendwa, wa ng'ambo hii na wa ng'ambo ile ya Ziwa Mweru, mnaoshona nyavu na mnaogeuza samaki juani, nawasalimu. Anayezungumza ni Régine Kabwita. Sogezeni redio karibu. Leo ni Jumapili, tarehe kumi na tisa Agosti, mwaka 1979. Imetimia miaka mitatu tangu tumpoteze Idah Mubanga, rubani wa jeshi, mwanamke wa kwanza wa ufuo wetu kuendesha ndege ya kijeshi.

Niseme mapema, hiki si kipindi cha machozi. Dada yake mkubwa, Felistus, amenikataza. Nilimkuta kijijini kwake Kabuta wiki iliyopita, magamba ya samaki yamemjaa hadi viwikoni. Hakuninyooshea mkono wala kiti.

"Régine," aliniambia, "kama unaenda kulia ku redio, acha. Sema tu mambo ilikuwa namna gani. Na ule mutu, jina yake uitaje muzuri, batu basikie."

Basi nalitaja. Meja Rodwell Chisenga. Mtalisikia tena kabla hatujaagana.

Idah alizaliwa Kabuta mwaka 1949. Mama yao alifariki Idah akiwa bado ananyonya, na Felistus, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja tu, ndiye aliyembeba mgongoni. Alimbeba akipasua samaki. Alimbeba akisukuma baiskeli yenye vikapu viwili kwenda kuuza bara. Mtoto alikulia kwenye harufu ya moshi na mapema sana akajua upepo, maana Felistus alimpa kazi ya kumwambia moshi wa tanuri unageukia wapi. Akiwa na miaka tisa alisimama siku moja katikati ya wanawake wazima akawaambia waanue samaki, mvua inakuja. Walimcheka, kisha wakakimbia huku wameloa chapachapa. Felistus peke yake ndiye aliyekuwa ameanua.

Mwaka 1969 Idah aliingia jeshini kupiga taipu. Miaka miwili alipiga taipu, na kila Ijumaa alipeleka barua ileile kwa wakubwa, anaomba kufundishwa urubani. Walichoka kuisoma. Mwaka 1973 alipata mbawa zake za urubani, na mwaka uliofuata alipita juu ya Kabuta, chini kabisa, akitikisa ndege kuwasalimia. Wanawake waliacha visu wakapiga vigelegele. Halafu vumbi likashuka juu ya mikeka, samaki wote wakawa mchanga mtupu. Felistus, ambaye Idah alimwita yaya, yaani dada mkubwa, alimwandikia barua kali: "Yaya yako anafurahi, lakini usipite tena juu ya samaki ya batu." Idah alijibu kwa kucheka, akaahidi. Ikumbukeni ahadi hiyo, wasikilizaji. Felistus haisahau hata akitaka.

Sasa tufike kwa Meja. Mnajua kwamba ukoo wa Samaki na ukoo wa Mamba ni watani tangu zamani za mababu. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, nawe ukacheka. Idah alikuwa wa Samaki. Rodwell Chisenga, mkubwa wake katika kikosi, alikuwa wa Mamba, na alipolijua hilo alifurahi sana. Wiki ya kwanza alimwekea samaki mbichi ndani ya kofia yake ya urubani. Idah akaivaa, maji ya samaki yakamtiririka shingoni, kikosi kizima kikaangua kicheko. Idah naye alicheka. Ni utani tu. Mwezi uliofuata jina lake lilifutwa kwenye safari za mbali. Ni utani tu. Akilalamika, Meja alitoa meno yote nje, akamuuliza tangu lini mtu wa Samaki akamkasirikia Mamba. Na Idah, aliyelelewa vizuri, alirudi kazini. Mimi hapo ndipo hasira hunipanda, maana utani una kwenda na kurudi, na huyu bwana aliufanya wa kwenda tu.

Agosti 1976 kulikuwa na kipindupindu kwenye visiwa na mabwawa. Idah alitumwa kuleta dawa kutoka Mansa hadi Nchelenge, kwa ndege ndogo ya mizigo yenye injini moja. Alhamisi tarehe kumi na tisa, saa tatu asubuhi, watu wa Kabuta waliisikia ndege ikikohoa. Ikanyamaza. Waliiona ikielekea ufuoni, penye mchanga mgumu, mahali ambapo rubani yeyote angetamani kushukia. Lakini mchangani palikuwa na wanawake, watoto, na mikeka ya samaki kutoka mwanzo hadi mwisho. Ndege iligeuka, ikarudi ziwani.

Wa kwanza kufika alikuwa Dominique Mulumba, mfanyabiashara wa Kilwa, ile ya ng'ambo ya pili ya ziwa, aliyekuwa anavuka na mtumbwi wa chumvi. Alimwaga chumvi yote majini ili mtumbwi uwe mwepesi. "Nilimutoa," anasema Dominique, "lakini alishaisha. Mikono yake ilikuwa ingali inashika ule musukani. Tulimufungua kidole kimoja kimoja."

Felistus alikuwa mchangani siku hiyo. Aliona yote. "Nilimukatazaka miye mwenyewe," aliniambia. "Nilimuambiaka asipite juu ya samaki. Akanisikia."

Ijumaa, mwili ukiwa ndani ya nyumba, basi la Mansa lilileta barua. Idah alikuwa ameiandika Jumanne. Ilikuwa na sindano tatu za kushonea nyavu, zawadi, na maneno haya: "Yaya, injini ya hii ndeke inakohoa. Nimeandika mu kitabu cha ndeke mara tatu. Meja anafuta, anasema samaki anaogopa mayi. Uniombee." Felistus aliisoma, akaikunja, akaiweka kifuani. Hakumwonyesha mtu.

Jumamosi Meja alifika na lori la jeshi, wanajeshi wanane wa kupiga risasi za heshima, na karatasi. Aliisoma karatasi uani, mbele ya waombolezaji, kwa sauti ya kupendeza. Ilisema kwamba rubani alishikwa na woga akapotea njia. Kosa lilikuwa la rubani. Akaikunja, akatoa pole za kikosi, akaangalia saa yake.

Wanawake walianza kulia upya. Felistus hakulia. Alimwendea Meja akapiga goti kama mtu mwenye adabu zake, akamwita tata, yaani baba.

"Tata Meja, nasikia weye njo mutu wa Mamba?"

"Ndiyo, mama," Meja akajibu, tena kwa majivuno. "Miye njo mutani wenu kabisa. Idah alinijua muzuri!"

"Sawa. Asante kufika. Basi kaburi njo kazi yako."

Wasikilizaji wapendwa, mnaojua desturi mmeshaelewa. Kwa wasioijua nasema tena: mtani ndiye anayechimba kaburi. Mtani ndiye anayebeba. Mtani ndiye anayevaa nguo ya marehemu na kumwigiza, aseme kama marehemu alivyosema. Na mtani hakatai. Akikataa, ukoo wake wote umevuliwa nguo.

Meja alicheka. Akasema jeshi lina watu wa kuchimba. Ndipo mjomba wake, mzee Chabu, aliyepanda baiskeli siku nzima kutoka Mofwe kuja kuuwakilisha ukoo wa Mamba, akanyanyuka kwenye mkeka. "Rodwell," alisema, "vua koti."

Akavua. Jembe alilopewa lilikuwa na mpini uliopasuka, na aliyelichagua ni Felistus. Wanajeshi wanane walisimama wima wakimwangalia mkubwa wao anavyotokwa jasho. Alipofika kiunoni, maji yalichuruzika kutoka pembeni, kama kawaida ya ardhi ya kule. Meja akapanda juu akijifuta, akidhani amemaliza.

"Mudogo yangu alishakunywa mayi mingi," Felistus akamwambia. "Hatalala mu mayi tena. Funika. Chimba fasi ingine."

Alichimba mahali pengine. Na hapo pakatoa maji. Felistus alimwelekeza juu zaidi, karibu na kanisa, penye kokoto. Hapo mikono ya Meja ilipasuka. Mchungaji alijaribu kusema kwamba inatosha, Felistus akamwomba kwa upole aendelee kutafuta zaburi yake. Na wanawake wa ukoo wa Samaki walikaa pembeni wakimtukana Meja kwa zamu, tumbo lake, miguu yake, ukoo wake, naye hakuwa na ruhusa ya kukunja uso. Emilienne, anayenunua samaki pale miaka yote, anakiri hajawahi kufurahi msibani isipokuwa siku hiyo.

Kaburi lilipokuwa tayari, Felistus alileta kofia ya urubani. Ilikuwa bado mbichi kwa maji ya ziwa. Alimvalisha Meja kwa mikono yake.

"Sasa weye njo Idah," alisema. "Sema nasi."

Meja akajaribu mzaha. Alitembea akitikisa kiuno, akatoa sauti nyembamba. Hakuna aliyecheka. Hata wanajeshi hawakucheka. Maji yalimtiririka shingoni.

Felistus akatoa barua kifuani, akaikunjua polepole, ili Meja auone mwandiko. Kisha akauliza kwa Kiswahili, si kwa Kibemba, ili watu wa Kilwa waliomtoa majini nao wasikie.

"Idah, mudogo yangu. Ndeke yako ilikuwa na ugonjwa?"

Mzee Chabu akagonga fimbo chini. "Rodwell. Mufu anaulizwa. Jibu."

"Ilikuwa," Meja akasema.

"Uliandikaka?"

"Niliandika."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Meja alikujibu nini?"

"Alisema... samaki anaogopa mayi."

Felistus akaikunja barua. Yaliyokuwa ndani yalikuwa yamekwisha. Lililobaki alikuwa halijui, na aliliuliza hivyohivyo.

"Na ile asubui ya Alhamisi, Idah? Ulisema nini kabla ya kupanda?"

Meja alitazama wanajeshi wake. Mmoja wao, fundi wa ndege, alikuwa ameinamisha kichwa, machozi yanamdondoka. Labda ni hilo, labda ni mikono iliyopasuka, labda ni ile kofia. Meja akasema, kwa sauti yake mwenyewe sasa: "Nilisema leo siruki. Meja akasema, basi rudi ukapige taipu. Nikapanda."

Kabuta nzima ilisikia. Jeshi lilisikia. Ng'ambo ilisikia. Felistus akamvua kofia na kumgeukia mchungaji. "Sasa tunaweza kumuzika."

Fundi yule alipeleka maelezo yake kwa wakubwa kabla ya mwezi kuisha. Miezi kumi baadaye ilikuja karatasi nyingine, fupi, inasema rubani Idah Mubanga hakuwa na kosa. Felistus aliipeleka soko la Kashikishi, ikasomwa mara tatu kwa sauti, na aliyetaka kununua samaki kwanza alisikiliza. Rodwell Chisenga aliondolewa kwenye ndege, akapelekwa stoo kugawa mablanketi, kisha akaacha jeshi. Leo anaishi mjini, mbali na ziwa.

Mnadhani imekwisha? Hamumjui Felistus. Kila Agosti huchagua samaki mmoja, mzuri kuliko wote, humkausha kwa moshi akiwa na kichwa na macho yake, humfunga kwenye gazeti na kumpakia kwenye basi la Mansa. Ndani ya kifurushi kuna maneno machache: "Kutoka kwa Idah. Ni utani tu." Meja hawezi kumrudisha. Mtu wa Mamba akikataa zawadi ya Samaki, mzee Chabu atapata habari. Amehama nyumba mara mbili, samaki anamfikia. Mwaka jana aliandika barua: "Mama, inatosha. Unisamehe." Nilimuuliza Felistus alijibu nini.

"Nilimujibu, Idah njo atasema siku itatosha."

Wapo watakaosema mama huyu ana roho ngumu. Mimi nimekaa naye, nikala ugali wake, na sijaona roho ngumu. Nimeona mtu aliyenyimwa kitu kimoja tu, jina safi la mdogo wake, akalichukua kwa nguvu, na sasa analilinda. Ningekuwa na nusu ya ujasiri wake, na mimi ningekuwa na watu wa kuwapelekea samaki.

Kwa Felistus, kwa ukoo wote wa Samaki wa Kabuta, kwa ndugu Dominique aliyemwaga chumvi yake, poleni sana. Idah Mubanga, rubani, mtoto wa Kabuta, aliogopa injini mbovu, na aliogopa kuua watu mchangani. Ziwa hakuliogopa. Nawe unayesikiliza, kabla hujazima redio, jiulize ni nani uliyemuumiza, akalalamika, ukamwambia ni utani. Kama yuko hai, nenda kesho asubuhi.

Na wewe Meja Rodwell Chisenga, popote ulipo, Felistus ameniomba nikupe taarifa. Samaki wa mwaka huu alipanda basi Alhamisi, saa tatu asubuhi.