Glenys Pascoe na Simu za Watoto Tangu Korona

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 2024, Glenys Pascoe anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kupokea simu za watu waliokula au kunywa sumu, katika kituo chetu cha ushauri hapa Brisbane. Alikuja mwaka 1993, mfamasia aliyechoshwa na kaunta ya duka la dawa. Alisema atakaa mwaka mmoja tu.

Glenys hatulii kitini. Huongea na wazazi akizunguka meza, waya wa simu ukimfuata kama mkia, na mara mbili amemwaga chai ya msimamizi wetu, Lachlan Kerrigan. Sauti yake, hata hivyo, haitikisiki: "Mtoto analia, mpenzi? Vizuri, anayelia anapumua. Haya, nisomee kilichoandikwa kwenye chupa."

Kisha ikaja korona, watu wakajifungia ndani pamoja na sumu zao. Mwanzoni simu zilikuwa za wadogo: huyu kalamba sanitaiza yenye harufu ya pipi, yule kanywa dawa ya madoa iliyowekwa kwenye chupa ya maji, mama yuko mkutanoni kwenye kompyuta chumba cha pili. Wengi walipona wakiwa nyumbani.

Kilichomnyima Glenys usingizi kilifuata. Mwaka 2021 umri wa waliomeza ulianza kupanda: miaka kumi na miwili, kumi na minne, kumi na mitano. Wengi walikuwa wasichana, na hawakuwa wamekosea chupa: walimeza kwa makusudi. Alipompelekea Lachlan orodha ya simu hizo, aliambiwa ni wimbi tu, litapita.

"Nimezaliwa ufukweni, Lachlan," alimjibu. "Wimbi nalijua. Haya ni maji kujaa."

Agosti mwaka huo, saa tisa alasiri, alipiga binti wa miaka kumi na mitatu. Mimi nilikuwa nasikiliza kwa simu ya pili.

"Nimemeza vidonge vya mama vya maumivu asubuhi," alinong'ona. "Lakini sijisikii vibaya. Si ina maana vimeisha nguvu?"

Glenys akakaa. Sikuwahi kumwona amekaa akiwa kwenye simu.

"Havijaisha, mwanangu. Vinafanya kazi kimya kimya, vinaumiza ini. Nataka ufike hospitali sasa hivi. Nani yupo nyumbani?"

"Bibi. Atanichukia."

"Atafoka. Kufoka si kuchukia. Mpelekee simu, nami nitaongea naye. Siondoki."

Tukasikia nyayo, kisha mlango. Hatimaye sauti ya kizee: "Haloo? Mbona mtoto analia?"

Jioni daktari wa hospitali alipiga kuomba ushauri. Walikuwa wamemuwahi, ini lilikuwa salama. Glenys alijifungia chooni dakika ishirini.

Kesho yake aliingia ofisini kwa Lachlan na hakutoka mpaka walipokubaliana. Tangu siku hiyo, kijana aliyemeza kitu kwa makusudi hatumkatii simu kabla hajapatikana mtu mzima kando yake. Glenys mwenyewe amezunguka shule thelathini na mbili akiwasihi wazazi wafungie dawa, hata kama mtoto amewapita urefu.

Simu za vijana hazijarudi kuwa chache kama zamani, naye anajua. Wiki hii ameniuliza mara tatu nani ataajiriwa zamu ya alasiri.

Glenys, asante. Nenda Bundaberg kwa wajukuu, uvue samaki, ugombane na majirani. Tunakutakia siku njema na tulivu, ingawa tunajua utulivu utakushinda. Sisi tunabaki kwenye simu, na wasiwasi wako umeshatuambukiza. Usituombee tupone.