Kahindo, Aliyetufundisha Kuuliza Tumejuaje

Wazazi, wakwe, majirani na wenzetu wa kazini, Alhamisi tarehe 6 Novemba 2025, saa moja asubuhi, nilimwambia mke wangu Kahindo kwamba maziwa ya jana bado ni mazuri, akaniuliza, "Umejuaje, Papa Achille?", nikajibu kwamba nimeyanusa, akaridhika, akanywa chai yake na kwenda kazini.

Marehemu alizaliwa Butembo tarehe 4 Aprili 1979, akaletwa Goma akiwa na miaka kumi, akapata diplome yake ya sekondari mwaka 1998, muda mfupi kabla ya uasi wa Agosti kuahirisha masomo yake ya chuo. Tarehe 17 Januari 2002, volkano ilipomwaga moto juu ya mji, alikimbilia Gisenyi na mdogo wake Katungu, huko mtu akawaambia kwamba mama yao ameungua katika mtaa wa Mapendo, wakaketi matanga siku mbili, na siku ya tatu mama akafika kwa miguu, beseni kichwani, akiuliza nani amekufa. Tangu hapo, kila aliyemletea Kahindo habari aliulizwa kama ameona au ameambiwa.

Alisomea kemia hapa mjini hadi mwaka 2006, tukafunga ndoa tarehe 8 Septemba 2007, Mungu akatupa Achille na Carlos, na mwaka 2012, miezi michache kabla ya waasi kuingia mjini, aliajiriwa kwenye kituo kinachovuta maji ya ziwa na kuyasafisha, ambako alifanywa mkuu mwaka 2019, wote wakamwita mama chef. Pale aliweka desturi moja, kwamba kila asubuhi wafanyakazi wasimame kando ya tangi, kila mmoja aeleze shida aliyoikuta, alivyoijua, na njia mbili za kuitatua, na maneno "mkuu amesema" hayakukubaliwa kuwa sababu.

Vita viliporudi mjini mwishoni mwa Januari mwaka huu, tulikaa siku nne bila umeme wala maji, na umeme ulipowaka watu walijaa getini na vidumu vyao, risasi bado zikisikika, naye akaamuru maji yafunguliwe. Useni, fundi wa zamu, alikataa.

"Mama chef, sifungui. Umejuaje kama dawa imeingia?"

Alimkemea, geti likapigwa mawe, Useni hakusogea, hatimaye wakapima, na maji hayakuwa na klorini hata kidogo, kwa sababu bomba la dawa lilikuwa limeziba. Walilizibua kwa saa mbili, matusi yakivuka ukuta. Kesho yake, kando ya tangi, marehemu alisema mbele ya wote, "Jana nilitaka kuwapa watu kipindupindu, Useni akanikatalia. Ukinikatalia tena, uje na viatu vya kukimbilia." Useni akajibu, "Ninavyo tayari, mama chef."

Mwezi wa Oktoba alianza kushika kichwa kila jioni, nikamwuliza, akasema, "Ni uchovu tu, nani hajachoka katika Goma hii?", nami, mwenye shahada ya chuo kikuu na miaka kumi na minane ya kuishi na swali lake, nilipokea jibu hilo bila kumwuliza amejuaje. Alianguka kando ya tangi Alhamisi ile, saa nne asubuhi, madaktari wakakuta presha imepasua mshipa kichwani, akafariki Jumamosi tarehe 8 Novemba, saa tisa alasiri, akiwa na miaka arobaini na sita.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani wa mtaa wetu wa Majengo waliotupikia na kuketi nasi, na wenzake wa kituo, ambao leo walipima maji kwanza ndipo wakaja.

Jumapili asubuhi, siku iliyofuata kifo chake, Katungu alishika kichwa katikati ya waombolezaji, akasema, "Si kitu, shemeji, ni kulia tu." Nilimwuliza amejuaje, nikamshika mkono, tukawapita watu wote hadi kituo cha afya, na presha yake ilikuwa kumi na tisa kwa kumi na mbili, juu mno, wakampa vidonge vya kila siku. Yupo hapa, safu ya mbele.

Lala kwa utulivu, Mama Achille, kidonge cha leo mdogo wako amekimeza, nimeona, sikuambiwa.