Mwaka Uliochagua Mafundi

Kwenye benchi la kahawa la Bonifasia, njia panda ya Bugarama, asubuhi hiyo walizungumzia vifo tu. Ndani ya mwaka mmoja walikuwa wameondoka mkunga Kezia, mwalimu wa kwaya Laurian, kipa Nyandwi aliyewahi kudakia timu ya mkoa, na mzee Ciza aliyeunga mifupa. Marcel mchonga ngoma, ambaye kijiweni walimwita Ngozi, alisikiliza huku kahawa ikimpoa mkononi. Tangu msiba wa Ciza, usingizi ulikuwa umemhama.

— Siyo bure, alisema Bonaventura, waliyemwita Redio. Huko juu wanaanzisha wilaya mpya. Wilaya haianzi bila mkunga na kwaya.

— Na mkuu wa wilaya? aliuliza Bonifasia.

— Huyo anateuliwa baadaye.

Elick, fundi pikipiki aliyeitwa Hesabu, alitikisa kichwa.

— Redio, wewe huoni mpangilio. Kezia alitupokea tukizaliwa. Laurian akatuimbisha utotoni. Nyandwi ni ujana. Ciza ni uzee, mifupa ikianza kuvunjika. Mwaka unafuata maisha ya mtu, hatua kwa hatua.

— Baada ya mifupa kuna nini?

— Mazishi. Na kwenye misa ya mazishi, parokiani kwetu kunapigwa nini?

Wote walimtazama Marcel, kisha wakatazama barabarani.

— Mwacheni mwenzenu anywe kahawa, alisema Bonifasia.

Pikipiki ilisimama. Wakashuka mwanamke na bibi mmoja aliyefungwa mkono kwa kanga.

— Shikamooni. Mimi Tecla, natoka Keza. Mama mkwe kaanguka shambani. Kwa mzee Ciza ni wapi?

— Marahaba. Ciza tumemzika, mama, alisema Redio kwa upole.

— Poleni. Sasa kazi yake kamwachia nani?

Redio alimtazama Hesabu. Hesabu alikuna goti. Bonifasia ndiye aliyemwelekeza njia ya hospitali, na pikipiki ikaondoka, bibi akiguna kwa kila shimo.

Marcel alikiweka kikombe chini, kahawa haijaguswa.

— Ngozi, utani tu ule, alisema Hesabu.

— Najua.

Hakurudi kwake. Alipanda njia ya migombani hadi kwa binti yake Anneth. Tangu usichana, Anneth alikuwa amemwomba amfundishe kuchonga, na kila mara Marcel alimjibu kwamba mwanamke hashiki patasi ya ngoma. Mwishowe binti aliacha kuomba, na hata salamu zao zikawa fupi.

Alimkuta akipukuchua maharage.

— Shikamoo baba. Kuna msiba?

— Marahaba. Hakuna.

Alisimama, akitafuta pa kuanzia.

— Kuna mringaringa pale bondeni nimeuona. Mti wa ngoma unagongwa kwanza, usikilizwe. Twende ukausikilize.

Anneth aliendelea kupukuchua kwa muda.

— Sasa hivi?

— Sasa hivi, mwanangu. Nimechelewa sana.

Anneth alisukuma ungo pembeni, akakung'uta maganda kwenye kitenge, akatangulia yeye kushuka bondeni.