Mara Tisa "Nimerekebisha"

Aprili 1992, basi la Kitale lilipopita Kimilili, Mzee Wepukhulu aliacha kusoma gazeti. Kwenye kiti cha mbele yake, Nakhungu, karani wa kompyuta katika ghala la mbegu, alikuwa akimwonyesha Kiplagat, fundi wa programu inayochapa lebo za magunia, daftari la mabadiliko.

"Mara tisa umeandika 'nimerekebisha'. Ulirekebisha nini?"

"Si ni programu, madam!"

Jibu hilo lilikuwa la kweli, na halikumsaidia mtu.

"Badiliko moja lilifanya mbegu za nyanda za chini zipewe lebo za mlimani. Ni lipi? Hata tarehe huweki!"

"Kazi ilikuwa nyingi, bana. Nani huandika kila kitu?"

"Andika ulichobadilisha, na sababu, na siku. Magunia yalishauzwa, na kwa macho mbegu zote ni sawa. Nitamwita nani arudishe gunia lake?"

Wepukhulu, aliyekwisha kupanda ekari nne mlimani, akamgusa Kiplagat begani. "Kijana, mimi nilinunua mbegu zenu tarehe nne Machi. Ni kabla ama baada?"

Nakhungu akangoja jibu pia. Basi likasimama Kitale, na Kiplagat akawa wa kwanza kushuka.