Mchunga Fisi na Kanuni ya Siku Tatu

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1970 katika hospitali ya wilaya, mtoto wa tatu kati ya watano wa baba seremala na mama aliyelima mboga nyuma ya nyumba. Mimi ni dada yake mkubwa. Nilimbeba mgongoni, na leo nimepewa kazi ya kusoma maisha yake. Mtanivumilia, maana sijui kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1977. Mwaka huo kuku wa mtaani walikuwa wanamaliza miche ya mama, na kila jirani aliapa kuku wake hawana hatia. Marehemu akawafunga kuku wote nyuzi miguuni, kila nyumba rangi yake, akapanda ukutani kuangalia. Wezi walikuwa wa kwetu. Mama akamwambia, "Haya, umefurahi sasa?" Akajibu, "Sijafurahi, mama, lakini tumejua." Alimaliza sekondari mwaka 1989 na kupata shahada ya sayansi ya wanyamapori mwaka 1994. Baba, aliyetaka daktari, alilalamika mpaka siku zake za mwisho kwamba alisomesha mtoto akachunge fisi. Hapo ndipo jina la Mchunga Fisi lilipotoka, na marehemu aliliitikia bila kinyongo.

Mwaka 1995 aliajiriwa na kituo cha utafiti, na hakuwahi kufanya kazi pengine. Kwa wasioijua kazi yenyewe: fisi hupigwa sindano ya usingizi kwa bunduki maalumu, hupimwa, kisha huvalishwa kola yenye kifaa kinachotuma mahali alipo kupitia setilaiti. Ofisini kila fisi huonekana kama nukta kwenye ramani. Ukizifuata nukta unajua anapowinda, anapolala, na barabara gani anaogopa kuvuka. Nukta ikisimama muda mrefu, huenda fisi amenaswa au amekufa, huenda kola imedondoka, huenda amelala tu pangoni. Kompyuta haiwezi kukuambia ni lipi. Lazima mtu aende akaangalie, na kwa miaka yote hiyo aliyekwenda alikuwa yeye.

Mwaka 1999 alimwoa wifi yangu, fundi cherehani. Alikuwa amempelekea mkanda wa kola ashonewe kitambaa laini kwa ndani, usimchubue mnyama. Wifi akaupima mkanda, akashangaa. "Mbwa wako ana shingo yote hii, unamlisha nini?"

"Si mbwa, dada. Ni fisi."

"Toka dukani kwangu."

Alitoka, na kesho yake akarudi. Wakwe walinong'ona kwamba binti yao ataletewa uvundo ndani, lakini ndoa ilidumu na walipendana mbele ya macho yetu. Wifi ndiye aliyeshona kola zote za kituo kile. Sijawahi kuona ripoti iliyomtaja, kwa hiyo namtaja mimi.

Marehemu aligundulika kuwa na kisukari mwaka 2015. Alijitunza vizuri, akitembea na dawa zake na pipi mfukoni, na kisukari hakikumuua. Nasema hivyo kwa sababu Mkurugenzi wa kituo, huyu aliyeketi mstari wa mbele, alinipigia simu juzi. "Mama, pole sana. Tungeomba iandikwe tu 'baada ya kuugua kwa muda mfupi.' Ni kwa heshima ya marehemu." Heshima ya marehemu naijua mimi niliyemfundisha kutembea.

Ilikuwa hivi. Mwaka jana kituo kilichoka kutuma gari kila nukta iliposimama, kwa kuwa mara nyingi walikuta kola tupu kichakani. Wakaweka kanuni: nukta ikisimama, iandikwe "hitilafu ya kifaa" na isubiriwe siku tatu. Marehemu alisimama kikaoni akasema, "Asiyekwenda kuangalia asiseme anajua." Wakamjibu kwamba amezeeka na anang'ang'ania mambo ya zamani. Sikio la kufa halisikii dawa, ila hapa sikio lilikuwa la ofisi na aliyekufa ni mwingine. Maana watafiti nao, wakiwa porini, hubeba kifaa kama kile cha fisi, na nukta zao huingia kwenye ramani ile ile. Kanuni ikawashika na wao, na hakuna mtu pale ofisini aliyelifikiria hilo.

Alhamisi tarehe 10 Oktoba 2024 alikwenda peke yake kumwangalia fisi jike mzee ambaye nukta yake haikusogea. Hakukubali kusubiri. Aliteleza korongoni akavunjika mfupa wa paja. Simu haishiki kule, lakini kifaa chake kilituma mahali alipo saa baada ya saa. Dada wa zamu aliiona nukta. Baada ya msiba alikuja kwa wifi bila kutumwa, akalia mlangoni: "Mama, niliona imesimama. Nikaandika hitilafu. Ndivyo tulivyoambiwa." Binti yule simlaumu. Ijumaa wifi alipiga simu ofisini, akaambiwa asihangaike, labda ni betri. Marehemu alipatikana Jumapili asubuhi. Daktari aliyempima anasema alifariki Jumamosi. Yaani Ijumaa nzima mdogo wangu alikuwa hai, na ofisi inamwona.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu na ndugu wanne. Ameacha pia wenzake sita wa porini, wanaorudi kazini Jumatatu na vifaa vyao mkandani. Nimeuliza kuhusu kanuni, nikaambiwa inajadiliwa. Jumatatu hiyo hiyo anaanza kazi kituoni binti yake wa kwanza. Tumemsihi aache. Amenijibu, "Shangazi, sasa nani atakwenda kuangalia?"

Mkurugenzi, shada lako tumelipokea, asante. Hatukuomba maua. Ifute kanuni leo, hapa, mbele ya mtoto huyu, kabla hujapanda gari lako. Nikimaliza kusoma nitakuja kusimama mlangoni mwa gari hilo, na wifi atasimama nami.

Yeye apumzike kwa amani. Sisi bado.