Vikombe Vilivyofudikizwa vya Manousos Kalogridis

"Siku ile mpumbavu nilikuwa mimi." Ndivyo alivyopenda kusema marehemu Manousos Kalogridis, akicheka hadi miwani imdondoke. Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mwanaakiolojia huyu wa hapa kwetu Krete, tuliyemzika Jumamosi kijijini Amigdali. Maisha yake yote aliwachimbua watu wa kale wa Bahari ya Ege. Maisha yake yote, nasema, na amefariki hajui alichokipata.

Alichokipata ni chumba. Chumba kisicho na mlango, kimejaa vikombe vya udongo, vyote vimefudikizwa. Nani hufungia vikombe ndani asijiachie pa kutokea? Manousos alikuna kichwa wee, miaka nenda miaka rudi, kisha akatangaza mbele ya kijiji kizima: "Hili ni hekalu la wafu!" Makofi! Sifis mwenye mkahawa akachinja kondoo, akasimamisha kibao barabarani: HEKALU LA WAFU. Wageni wakamiminika.

Kiangazi kilichofuata, Manousos akainua vikombe vilivyobaki. Chini ya kimoja, mwiba wa samaki. Chini ya kingine, kokwa za zabibu. Chini ya vingine, patupu. Hekalu? Ghala? Karamu? Dada yake, Bibi Ergina, anakumbuka: "Konokono niliompikia walimpolea sahanini. Akaniambia, 'Dada, nimewadanganya watu, na ukweli wenyewe siujui.'"

Wenzake wa chuo walimwonya: ukilikana hekalu, jina lako limekwisha. Asubuhi akaking'oa kibao, akakibeba hadi mkahawani.

Bibi Ergina na ukoo wote, poleni sana. Raki ya leo, kileo chetu cha zabibu, tunainywa bila kugonganisha glasi, kama ilivyo desturi ya msiba. Nawe msikilizaji, jiulize: ni kibao gani umekisimamisha, na moyoni huna hakika nacho?

Lakini tusiagane kabla ya kuingia na Manousos mkahawani.

"Mwalimu," Sifis alifoka, "hekalu limekukosea nini? Si uliache lilale! Wageni wanakula, na sisi tunakula."

"Si hekalu, swahiba."

"Ni nini basi?"

"Sijui."

"Hujui! Miaka ishirini unakipiga brashi chumba kimoja, na hukijui?"

Mkahawa mzima ukaangua kicheko. Manousos akainama.

Ndipo Garifalia, mke wa Sifis, alipochungulia kutoka jikoni, mwiko mkononi.

"We Sifis! Miaka arobaini unalala na mimi kitanda kimoja. Hebu waambie wenzako: umeshanielewa?"