Kadi ya Tisa ya Mzee wa Pete

Ndugu, jamaa, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu asubuhi ya leo mkaja kukaa nasi, familia imemtuma mpwa wa marehemu awasomee safari ya maisha ya mjomba wake, ikamwomba asome taratibu, kwa kuwa marehemu mwenyewe hakuwahi kufanya jambo lolote kwa haraka, na sauti ikikwama mahali, basi mtamvumilia, mjomba ni mjomba.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mzee wa Pete, alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 7 Machi 1951, katika nyumba ya pili kutoka stesheni ya treni, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa karani wa stesheni na mshona nguo. Bibi yetu alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyo hakulia, alitazama dirishani tu, mpaka mkunga akamfinya kidogo ili ajiridhishe, naye akamgeuzia macho kama anayesema, hebu ngoja kwanza. Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1958 hadi 1965, na sekondari hadi Novemba 1969, na ripoti zake zote, ambazo mama yake alizitunza, zina maneno yaleyale ya walimu tofauti, kwamba ana akili, ila yuko mbali. Katika mtihani mmoja alirudisha karatasi tupu, kwa sababu kereng'ende alikuwa ametua dirishani, na yeye hakuwa amemaliza kuhesabu vyumba vya bawa lake.

Tarehe 5 Januari 1970 aliingia kujifunza kazi katika karakana ya miwani, akasaga lenzi kwa miaka arobaini na miwili, hadi alipostaafu tarehe 31 Desemba 2011. Huko ndiko alikompata mkewe, au tuseme aliipata sauti yake kwanza, kwani alikuwa mpokea simu wa posta, na marehemu alipiga simu siku tatu mfululizo kuulizia saa, wakati saa ya ukutani ilikuwa juu ya kichwa chake. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 12 Agosti 1978, wakajaliwa mtoto mmoja wa kike, tarehe 23 Oktoba 1980, ambaye ni kifungua mimba na kitinda mimba kwa pamoja, na amejaa kiburi cha nafasi zote mbili.

Sasa tufike kwenye nyoka, maana tukiwaruka hao mtasema tumemsoma mtu mwingine. Mwezi Aprili 1986 mwalimu mmoja alikuja kuchukua miwani, akiwa na sanduku lenye matundu, na ndani yake nyoka wa kufugwa aliyemnunua juzi yake, mwenye pete nyekundu, nyeusi na nyeupe kutoka shingoni hadi mkiani, asiye na sumu, na muuzaji alimwambia tu kwamba ni nyoka wa maziwa. Jina hilo walipewa na wakulima waliowakuta mazizini wakadhani wananyonya ng'ombe, uongo mtupu, nyoka wa watu alifuata panya. Lakini nyoka wa maziwa wana aina nyingi, wa milimani, wa pwani, wa mabonde makavu, na mwalimu alitaka kujua wake ni yupi na ametoka wapi, ampe joto linalomfaa na asije akamtafutia mwenza asiye wa aina yake. Marehemu akavaa lenzi ya kukuzia, akainama, na kwa kweli tangu siku ile hakuinuka tena.

Mkewe aliweka sharti moja, nyoka hatalala chini ya paa lake, kwa hiyo nyoka wa wafugaji waliosikia habari zake walikuja na wafugaji wao na kuondoka nao, zikabaki ngozi walizozivua, ambazo marehemu alizilowesha kwenye maji ya uvuguvugu na kuzibandika kwenye vioo vya madirisha zikauke. Ngozi iliyovuliwa haina wekundu, hubaki safu za magamba na kivuli cha ile nyeusi, na alasiri jua lilipopita humo sebule nzima ilijaa vivuli vya pete, ukutani, mezani, mikononi mwa wageni, na mtu akiingia hapo hata aliyekuwa na haraka alijikuta anakaa. Yeye alikuwa akisinzia kitini, na kidole chake kikiendelea kuhesabu kwenye mkono wa kiti. Hakuwahi kusafiri kupita kituo cha mwisho cha treni, lakini wakinywa chai asubuhi alimweleza mkewe jinsi alivyotembea usiku kucha ndotoni katika bonde kavu wanakotoka nyoka hao, mawe yake yalivyo na joto, na upepo unavyopita chini chini.

Kila nyoka alimwandikia kadi, idadi ya pete, rangi ya pua, safu za magamba, aina, na mwisho kabisa asili. Aliuliza nani amekuuzia, yeye aliuziwa na nani, na mama wa nyoka huyu alikuwa wapi, na mnyororo huo ukikatika popote aliandika, asili haijulikani. Watu walinuna, wengine waliondoka bila kuaga, yeye hakubadilisha neno.

Alilibadilisha mara moja tu. Tarehe 14 Juni 1997 nesi wa mtaa wetu, aliyefiwa na mumewe miezi miwili kabla, alileta nyoka wawili kwenye foronya, dume na jike, aliowanunua ili nyumba isiwe kimya. Marehemu alihesabu pete kumi na nne kwa kila mmoja, na kwa kuwa jike alikuwa na woga hakumgeuza kuangalia tumbo, na kwa kuwa nesi alikuwa analia aliamini neno la muuzaji, akaandika kwenye kadi namba 212, aina moja, asili bonde kavu. Mwaka 1999 walizaliwa watoto tisa, wakagawiwa nyumba tisa, kila mmoja na nakala ya kadi ile yenye sahihi yake. Mwezi Oktoba 2003 nesi alimletea ngozi ya yule jike, akaibandika dirishani, na pale kwenye mwanga akaona pete nyeusi zimekatika tumboni. Jike alikuwa wa aina nyingine kabisa.

Alikwenda kwa nesi siku hiyohiyo, na nesi akamwambia asijisumbue, nyoka wenyewe hawajui. Marehemu akajibu, "Hawajui, ndiyo maana lazima mimi nijue."

Alizifuata nyumba nane, akaifuta asili kwenye kila kadi kwa mkono wake. Ya tisa hakuipata, nesi alimwambia nyoka huyo alichukuliwa na msafiri asiyemfahamu, na marehemu aliandika barua kwa wafugaji na wauzaji kwa miaka ishirini. Kuanzia 2019 macho yake yalififia, macho ya fundi miwani, tuliumia sana, na hapo mkewe, ambaye hakuwahi kuzigusa zile ngozi, alikaa naye dirishani akimhesabia kwa ile sauti ya posta, kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Baadaye moyo ulichoka. Alilazwa tarehe 22 Aprili 2024, akaagiza kosa lake lisomwe siku ya mazishi yake, akafariki Alhamisi, tarehe 9 Mei, saa nne na dakika arobaini asubuhi.

Kaka yake mkubwa alikataa, akasema hapa husomwa mazuri. Tulikuwa tunabishana hayo juzi nesi alipoingia, akaweka kadi mezani. Hapakuwa na msafiri. Nyoka wa tisa alikaa kwake mpaka alipokufa mwaka 2016, na kadi hakuitoa, kwa sababu katika mwaka ule aliofiwa na mumewe maneno ya kadi hiyo yalikuwa kitu pekee kilichomwambia jambo kwa uhakika. Mke wa mjomba alikasirika, hatufichi, alisema, "Miaka ishirini, dada." Halafu akaenda kuleta kalamu ya mumewe. Nesi akaandika mwenyewe, haijulikani, wakalia pamoja, na akaomba kama kosa la marehemu litasomwa, basi na lake lisomwe, naye yupo hapa, ameketi karibu na mke wa mjomba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, majirani waliotupa viti na maji, mafundi wenzake wa karakana, na nyote mliowahi kumgongea mlango na sanduku lenye matundu.

Mjomba, kadi iko kwenye mfuko wa shati lako, upande wa kushoto. Zote tisa zimesahihishwa. Pumzika kwa amani.